Rauta ya pili ni dawa, au tunalipia kosa la kampuni?

Mpangaji wa Milimani, Kisumu: Wakuu, nisaidieni. Rauta iko sebuleni. Nikiingia chumba cha nyuma na kufunga mlango, waifai inabaki mstari mmoja. Kampuni inaniambia ninunue rauta ya pili. Nalipa kila mwezi bila kuchelewa, kwa nini gharama hiyo iwe yangu?

Fundi Kondele: Pima kwanza, ndugu. Simama kando ya rauta. Kama hata hapo inakatika, au taa ya LOS (ya kukosa mawimbi) inawaka nyekundu, huenda shida iko kwenye waya wa nje, na hata rauta kumi hazitakuponya. Kama hapo iko sawa na chumbani haipo, ni ukuta. Ya pili iunganishwe kwa kebo, uizime DHCP (kazi ya kuvipa vifaa anwani za mtandao) ili ya kwanza pekee igawe anwani. Vile vidude vya kuchomeka soketini vikipokea na kurusha kwa redio moja, hula karibu nusu ya kasi.

Mkazi wa Section 58, Nakuru: Nyumba yangu ni ya mawe, waifai ya masafa ya 5 GHz haifiki jikoni. Nilirudi ya 2.4 GHz, nikachagua chaneli, ni 1, 6 na 12 nadhani, nikapona bila kununua kitu. Ila wanaolalamika sana ni wale wa kugawana waifai ploti nzima. Mmoja analipa, wanane wanakula.

Mama Nyalenda: Wanane? Mwanangu, sisi ni milango minne na tunachanga. Nani anakula cha nani?

Fundi Kondele: Section 58, chaneli ni 1, 6 na 11, si 12.

Section 58: Samahani mama, sikukulenga. Lakini mkataba wangu unasema nyumba moja. Soma wako.

Mama Nyalenda: Nimeusoma. Wewe umemwona mtoto wa jirani akikaa kwenye ngazi saa mbili usiku, simu ameigandisha kwenye kioo cha dirisha langu, daftari liko magotini, mbu wanamla? Nimfukuze kwa sababu ya mkataba?

Mkazi wa Lanet, Nakuru: Msimfanye mama mwizi. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, intaneti ikasuasua nchi nzima. Nayo ilikuwa ploti ya Nyalenda?

Section 58: Sijamwita mtu mwizi! Nasema wanne wakitazama video kwa pamoja, lazima ikwame.

Mama Nyalenda: Ikikwama tunaambiana kwa mdomo, anayetazama mpira anasubiri anayesoma. Hatujawahi kugombana.

Fundi Kondele: Jamani, mwenye swali yuko wapi?

Mpangaji wa Milimani: Niko. Nimeitoa rauta nyuma ya televisheni, nikaipandisha juu ya kabati la vyombo. Chumbani sasa ni mistari mitatu, sinunui kitu mwezi huu. Lakini mama, asipochanga mmoja mnafanyaje? Jirani yangu ana watoto wawili wa sekondari.