Punje ya pilau leba! Yule mtu safari hii amevuka mipaka

Wakuu, salamu baadaye. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto wa siku nne. Nimejifungia chumbani kwa sababu yule mtu yuko sebuleni SASA HIVI anakunywa uji wangu wa ulezi. Uji wa mzazi. Kaukorogea na sukari yangu.

Mnamjua. Simtaji. Ni yule yule wa uzi wa jiko la gesi, aliyerudisha sufuria bila mfuniko, kesho yake akaja kuazima mfuniko.

Begi la kujifungulia nililipanga nikiwa wiki ya 34. Kadi ya kliniki mfuko wa pembeni. Glovu, pamba, mpira wa kutandika, wembe mpya, vibanio vya kitovu, pedi za wazazi, yote waliyoniandikia. Kofia mbili, soksi, sweta, maana mwezi wa saba wa Dodoma mnaujua, upepo wa usiku huku Ipagala unaingia mpaka ndotoni. Halafu khanga doti tatu. Vipande sita. Hizo ndizo nilizozihangaikia. Nilinunua mpya pale Majengo, nikazifua mara tatu mpaka wanga ukaisha, maana khanga mpya hainyonyi maji, inayasukuma tu. Nikaanika juani, nikapiga pasi pande zote mbili nikiwa na tumbo limefika kwenye meza ya pasi kabla yangu, nikazifunga ndani ya mtandio safi.

Sikuwa najipamba. Kliniki walitufundisha: mtoto akitoka tu anakaushwa na kitambaa kikavu, kile kilicholowa kinawekwa kando, anafunikwa na kingine, anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Anatoka kwenye joto, mwili umelowa, ukichelewa anapoa upesi. Ndiyo maana vipande sita. Nilivihesabu kama mtu anavyohesabu ada ya shule.

Jumamosi saa nane usiku uchungu ukashika. Baba mtoto akaita bajaji, begi begani, tukafika. Mpaka hapo sina malalamiko na mtu.

Niko kitandani, njia imeshafunguka yote, nesi ananiuliza, "Mama, khanga za mtoto ziko wapi?" Nikamjibu kwa kifua mbele: juu kabisa, kwenye mtandio. Akafungua. Akatoa moja. Akaikung'uta.

Ikadondoka punje ya pilau.

Wakuu. PUNJE YA PILAU. Siyo uzi, siyo vumbi. Punje ya kahawia, imekauka, na ganda la iliki limeifuata nyuma kama shahidi wa kesi. Nesi akaitazama ilipotua. Akainusa khanga. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniua: "Mama, hii imetoka msibani?"

Wodi nzima kimya. Mama wa kitanda cha tatu, aliyekuwa analia tangu nimeingia, akanyamaza asikie nitajibu nini.

Nesi akachimba chini atafute nyingine. Hakuna nyingine! Kuna foronya mbili kuukuu, zimekunjwa vizuri ili begi lisinywee. Yule mtu alichukua doti zote tatu akaenda nazo Kongwa, kwenye msiba alioniambia, akavaa moja, mbili akawapa wenzake wafanane. Akarudisha kipande kimoja bila kufua. Vingine vitano viko Kongwa mpaka ninavyoandika.

Mwanangu alikaushwa na khanga ya mama wa kitanda cha tatu. Katoka kijijini huko Chamwino, kaja na khanga mbili tu, akasema, "Mpeni mwenzangu moja, wangu bado yuko njiani." Mimi simjui, yeye hanijui. Nililia kuliko nilivyolia na uchungu wenyewe.

Leo nimemuuliza yule mtu. Kwa upole, mtoto kifuani. Akameza funda la uji, akasema, "Kwani mtoto alijua?"

KWANI MTOTO ALIJUA! Nilijua mimi! Alijua nesi! Iliki yenyewe ilijua kwamba hapa siyo mahali pake!

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. Punje ya pilau jamani, leba!

Zabibu Mbichi: Nimekaa siti ya mbele na mto nimebeba. Swali moja tu: hiyo khanga iliandikwaje?

Mama wa Ipagala (mleta uzi): Wema hauozi.

Zabibu Mbichi: Haukuoza. Umechacha.

Fundi Nkuhungu: Chai hii, tena haina sukari. Punje itoke Kongwa, ipite matuta yote yale, ikunjwe, ifike leba, ndipo idondoke? Punje gani hiyo, ina mkataba?

Mama wa Ipagala: Ilikuwa kwenye PINDO. Doa la mafuta lipo, ukubwa wa sahani. Njoo nikuonyeshe.

Baba Mapacha: Mleta uzi pole, ila nawe. Umefunga begi wiki ya 34, hukuchungulia hata siku moja mpaka unaenda kujifungua? Mimi tairi la spea tu nalikagua kila safari.

Binti Mvumi: Baba Mapacha, tairi la spea linakaa nyuma ya gari. Tumbo linakaa mbele ya mtu. Hebu jaribu kuinama chini ya kitanda na pacha wako wote wawili ndani, halafu urudi hapa uandike.

Baba Mapacha: Nimenyamaza.

Mama Nane Nane: Dada una bahati umerudishiwa hata hiyo moja. Wangu alichukua beseni la mtoto, jipya, halijaguswa na maji, akaloweka maharage. Nikamwambia ni la kuogeshea mtoto, akasema mtoto mwenyewe haogeshwi siku ya kwanza, si wanasema mpaka saa 24 zipite? Kliniki haendi, lakini hilo analijua!

Kijana wa Makole: Wangu alikuja "kumuona mtoto mara moja". Mtoto sasa anatambaa. Wako pamoja, wanatambaa wote kuelekea jikoni.

Mkunga Mkongwe: Mimi niko leba miaka mingi, pilau halinishtui. Nimeshafungua begi nikakuta spana, bisibisi na oili ya pikipiki, mume kabeba begi la kazini akaacha la mtoto mlangoni. Mama anasukuma, mimi nimeshika spana namba 14. Ushauri wangu ni mmoja, kipande kimoja cha khanga safi weka kwenye mkoba wa mkononi unaoshika mwenyewe, siyo kwenye begi analopita kila mtu. Na hongera ya mtoto, naona watu mmesahau kumpongeza.

Mama wa Ipagala: Asante mama. Wa kike, kilo 3.2. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza habari ya mtoto tangu asubuhi. Yule mtu alipoingia kauliza kama kuna chai.

Mlipa Kodi Chang'ombe: Nyie mnalia na khanga. Mimi nalia na orodha. Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito na mtoto chini ya miaka 5 hachangii gharama kwenye vituo vya serikali. Nimeenda kituo nisichokitaja, nimepewa karatasi ndefu kuliko ya kujenga nyumba. Glovu mimi, mpira mimi, pamba mimi, bomba la sindano mimi. Nikauliza, kitanda nije nacho pia?

Fundi Nkuhungu: Huduma ndiyo bure mkuu. Vifaa ni vifaa.

Mlipa Kodi Chang'ombe: Hiyo ni sawa na kuniambia harusi ni bure ila chakula nije nacho.

Binti Mvumi: Mbona ndiyo harusi za siku hizi. Mchango umetoa, na maji umenunua mwenyewe.

Mama wa Ipagala: Wakuu turudi kwenye mada. Nesi aliinua khanga, akaikung'uta, punje ikadondoka. Mbele ya watu!

Mzee wa Bahi: Nimesoma uzi wote taratibu, nina neno. Msiba gani huo wa Kongwa wenye pilau? Mimi Mgogo wa kuzaliwa. Msibani tunakula ugali na maharage, ukibahatika nyama, mlenda haukosi. Pilau na khanga za kufanana siyo msiba huo.

Zabibu Mbichi: Arobaini labda.

Mzee wa Bahi: Arobaini nakubali. Au kumaliza tanga.

Kijana wa Makole: Au ilikuwa harusi! Mleta uzi, umedanganywa kuanzia mwanzo. Khanga zako zimecheza singeli.

Mama wa Ipagala: Ngoja. Ngoja kwanza. Kaniambia msiba. Nilimpa na rambirambi ampelekee mfiwa.

Mama Nane Nane: Mungu wangu.

Zabibu Mbichi: Kumbe ulichangia pilau lenyewe. Nasogea siti ya mbele zaidi.

Mama wa Ipagala: Mama yangu anafika kesho na SGR kutoka Morogoro. Tangu hiyo treni ianze 2024 ananitembelea kama jirani, na safari hii nimemwambia aje na khanga na aje na maneno. Yule mtu atajibu mwenyewe.

Baba Mapacha: Treni ya saa ngapi? Tuje stesheni.

Fundi Nkuhungu: Mimi bado niko kwenye ganda la iliki. Pilau la watu wengi nani anatia iliki nzima? Wapishi wa shughuli wanatia ya kusaga.

Mzee wa Bahi: Wanaojua wanatia nzima.

Binti Mvumi: Na viazi je? Pilau likiwa na viazi mimi siliheshimu.

Kijana wa Makole: Pilau bila viazi ni wali uliopata ajali ya viungo. Viazi vinashibisha haraka, wageni wanatosheka, nyama inabaki.

Binti Mvumi: Ndiyo nyie mnaowabania wageni nyama halafu mnaita mapishi.

Mama Nane Nane: Mnakumbuka pilau la kigodoro cha mwaka juzi Area D? Viazi vitupu, tukadhani ni kande.

Mama wa Ipagala: Wakuu, kamaliza uji. Anagonga mlango anauliza kama uliobaki ni wa mtu.

Mlipa Kodi Chang'ombe: Mwambie huduma ni bure, kikombe aje nacho.

Baba Mapacha: Kwani soko la Sabasaba iliki nzima wanapima kwa kijiko au kwa kopo? Mke kaniagiza na nimeshapita kona.

Mzee wa Bahi: Kijiko. Ila iponde moja kwanza uinuse, kuna wanaouza za mwaka jana.

Baba Mapacha: Na mdalasini?

Mzee wa Bahi: Ule wa magome. Ukikuta umesagwa, achana nao.