Punda wa mbio amepungua kasi na Maulidi yanakaribia, nishaurini

MwanaLangoni (mwanzisha uzi)
Assalaam aleikum wana jukwaa. Nina punda dume, amehasiwa, wa miaka saba, namtayarisha kwa mbio za Maulidi hapa Amu (Lamu). Mbio zilizopita aliteleza karibu na gati tukatoka patupu, na tangu hapo watu wanasema huyu kwisha habari yake. Nataka arudi ashinde. Sasa kasi imepungua ghafla. Nimpe mahindi au pumba? Na mchanga wa Shela unafaa kumjengea nguvu? Naomba majibu ya haraka, nina wasiwasi sana.

Fundi Shogi
Waaleikum salaam. Mahindi usimpe. Tumbo la punda ni la majani makavu, na nafaka ikizidi huishia kwato: nyama inayoshika mfupa ndani ya ukwato huvimba, akashindwa hata kusimama. Majani makavu kutwa, maji safi, chumvi ya kulamba. Mchanga mkavu wa Shela unazama, unavuta kano za nyuma ya mguu. Ngoja maji yapwe umpitishe kwenye mchanga ulioshikana. Na mpandaji ana kilo ngapi? Punda wetu wengi hawafiki kilo 200. Kilo 50 mgongoni zinamtosha.

Upepo wa Kusi
Usikate tamaa ndugu yangu. Soma habari za farasi Red Rum wa Uingereza. Alikuwa na ugonjwa wa mfupa wa kwato, mwalimu wake Ginger McCain akamfunza ufuoni Southport, kwenye mchanga na maji ya bahari. Akashinda Grand National, mbio kubwa za farasi za kuruka viunzi, 1973 na 1974, akawa wa pili 1975 na 1976, akarudi kushinda tena 1977. Bahari tunayo mlangoni. Mtie majini kila alfajiri!

Binti Mkomani
Tumwache Red Rum kwanza. Kaka, kwa kawaida kasi haipungui ghafla kwa sababu ya chakula. Je, anachechemea? Mguu gani? Tangu lini?

MwanaLangoni
Kidogo tu, dada. Mbele kushoto. Juzi asubuhi hakutaka kuukanyagia kabisa, lakini jioni alikwenda mbio vizuri tu. Jina lake nimeshaliandikisha na kijana mwepesi wa kumpanda nimeshampata. Punda wa Amu wamezoea shida, huyu kabeba mchanga na mawe ya ujenzi tangu mdogo. Mimi nauliza chakula.

Kwato Nne
Chakula kiache. Shika ukwato wa kushoto kwa kiganja, halafu wa kulia, uone upi una moto. Kisha weka vidole viwili nyuma ya mguu, chini ya kifundo, upande wa ndani na wa nje. Punda mzima, mshipa pale utautafuta sana. Ukiusikia unagonga kwa nguvu mguu mmoja tu, hilo mara nyingi ni jipu la kwato. Ikigonga miguu yote miwili ya mbele naye anasimama kajivuta nyuma kwenye visigino, huo ni ugonjwa aliousema Fundi Shogi.

Jipu huanza na kitu kidogo. Msumari, kipande cha tumbawe, au mchanga unaopenya pale ukuta wa ukwato unapokutana na soli. Uchafu unazaa usaha, na ukwato ni mgumu, hautanuki. Usaha ukikosa pa kwenda, unabana nyama.

Bwana Adili
Mnyama ni amana. Hasemi, na punda huficha maumivu kuliko farasi. Akikuonyesha kidogo, ujue ndani ni kikubwa. Utaulizwa juu yake.

Mtu wa Matondoni
Mimi naona hii ni hadithi ya kutunga. Punda asiyekanyaga chini asubuhi anakimbiaje jioni ya siku hiyo hiyo? Watu wanatunga mambo humu ili uzi ujae. Admin, funga.

Upepo wa Kusi
Hata mimi nimeanza kushtuka. Weka picha ya ukwato tuone.

Binti Mkomani
Msimfukuze. Linawezekana kwa njia mbili. Ama jipu limepasuka lenyewe, na hapo utaona tundu na unyevu pale nywele zinapokutana na ukwato. Ama kapewa dawa. Mwanzisha uzi, ni lipi?

MwanaLangoni
Sikutunga, wallahi. Alichomwa sindano mchana ule. Fenilbutazoni, dawa ya maumivu, kutoka duka la dawa za mifugo. Aliyemchoma amezoea. Nilifikiri achomwe tena siku ya mbio, kisha nimpumzishe mwezi mzima.

Mtu wa Matondoni
Kama ni hivyo, naondoa neno langu. Ila hilo ungelisema mwanzo.

Kwato Nne
Dawa hiyo haigusi usaha, inanyamazisha maumivu tu. Na mwili wa punda huiondoa haraka kuliko wa farasi, ndiyo maana anaonekana kapona jioni na kuchechemea kesho. Sindano yake ni ya ndani ya mshipa peke yake, ikivuja pembeni inaunguza nyama ya shingo. Angalia alipochomwa kama pamevimba. Ukimkimbiza kwenye njia ya ukuta wa pwani, pale pagumu, kila kishindo kinausukuma usaha juu zaidi, unaweza kufika kwenye mfupa au kiungo.

Na ugonjwa wa Red Rum ulikuwa wa mfupa, si jipu. Maji ya bahari hayatoboi soli.

Mpeleke hospitali ya punda, ipo mjini tangu 1987. Waambie dawa, kiasi na saa aliyochomwa. Watachonga tundu dogo usaha utoke kwa chini, usijaribu mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Uliza chanjo ya pepopunda. Baada ya hapo ukwato unaloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya haluli (Epsom), unakaushwa, unafungwa. Nepi ya mtoto na utepe mpana wa plasta vinashika vizuri. Badilisha kila siku mpaka tundu likauke. Asiwekewe matandiko ya mizigo wala mtu asipande mgongoni.

Asipochechemea bila dawa yoyote, anza kumtembeza kwa kamba mchanga ulioshikana, dakika 15, ukiongeza polepole. Kwato zichongwe kila wiki sita hadi nane. Maulidi haya, hapana. Lenga mbio za tamasha la utamaduni.

MwanaLangoni
Nimewaelewa. Jina nitaliondoa. Nimpeleke peke yake, au na jike analolala naye zizini?

Fundi Shogi
Wapeleke wote wawili. Punda akitengwa na mwenzake hususa kula, na asipokula mafuta yanajaa kwenye damu, hilo linamuua upesi kuliko ukwato. Beba na majani aliyozoea. Nenda asubuhi, njia ikiwa bado tupu.