Ripoti za robo mwaka kutoka vikundi vya afya mtaani: mwazikusanyaje?

pwani_data:
Salaam aleikum wana jamvi. Niko Mombasa kwa shirika dogo, pesa ni za serikali ya Marekani zapitia shirika kubwa kisha sisi twagawia vikundi vya Likoni, Kisauni na Jomvu vinavyotafuta watu wenye dalili za TB wakawapeleke kituo cha afya. Kazi yangu ni kukusanya ripoti za maendeleo kila miezi mitatu, niziunganishe ziwe moja niipeleke juu. Sasa ripoti zaja kwa kuchelewa, na zikija ni namba tupu, "walipelekwa 40" basi, hakuna maelezo, na nikienda kituoni kwa rejista naona waliofika ni wachache kuliko hao. Kuna kikundi kimoja mwenyekiti ni mama wa heshima sana na kazi yake naijua ni nzuri, lakini robo iliyopita hawakufikia tageti akanyamaza kabisa, simu hashiki, mpaka nilipomfuata kwake ndo akaniambia aliogopa wakisema ukweli watakatwa pesa. Na baada ya ile Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, siwezi kumlaumu. Nifanye nini nipate ripoti za kweli na kwa wakati bila watu kuniogopa?

mzee_wa_ripoti:
Mwanangu, anza na hiyo hofu, fomu baadaye. Kanuni za Marekani wenyewe za ruzuku, ziitwazo 2 CFR 200, soma kifungu cha 200.329, zataka ripoti ilinganishe mlichofanya na lengo mlilowekewa, na lengo lisipofikiwa mseme sababu. Yaani kutofikia tageti ni jambo ambalo fomu inalitarajia kabisa, kuna nafasi yake! Tena kifungu hichohicho chasema kukitokea tatizo kubwa la kuchelewesha kazi mtoe habari mara mnapojua, msingoje tarehe ya ripoti. Wasomee vikundi vyako hayo kwa Kiswahili mkiwa mmekaa pamoja, usiwatumie tu kwa WhatsApp.

Jambo lingine, angalia mnaposema "robo ya kwanza". Mwaka wa fedha wa Kenya waanza Julai, wa serikali ya Marekani waanza Oktoba, kwa hivyo Julai mpaka Septemba kwa kaunti ni robo ya kwanza na kwa mfadhili ni ya nne. Nshaona kikundi kinaletewa lawama kwa ripoti ambayo kilishaituma, ni vile tu ilikuwa na jina la robo ingine. Andika miezi kwa majina yake, yaishe.

nesi_changamwe:
Dadangu hizo namba haziwezi kufanana kama hamkukubaliana mwahesabu nini. Kikundi kinahesabu *aliyepelekwa*, sisi kituoni twahesabu *aliyefika*, na katikati hapo kuna mtu hana nauli ya matatu, kuna aliyeenda hospitali ya mbali asionwe na majirani, kuna aliyekuja jioni akaambiwa alete makohozi kesho na hakurudi. Hao ndo watu wa kuandikwa kwa ripoti! Ile fomu ya rufaa ya Wizara ya Afya, MOH 100, anayopewa mtu anapopelekwa kituoni, ina sehemu ya kituo kujaza irudi kwa mhudumu wa jamii, lakini wengi wanaiacha mezani kwetu na sisi tukizidiwa na foleni hairudi. Pitieni kuzichukua kila wiki, msingoje mwisho wa robo, hapo utajua nani hakufika mapema na bado waweza kumfuata nyumbani.

Na nawaomba sana, acheni kutuma picha za rejista kwa magrupu ya WhatsApp. Nimeona jina la mgonjwa, umri, mtaa, namba ya simu, vyote viko wazi, na grupu lina watu ambao hata sio wahudumu. Sheria ya kulinda data ya 2019 inaziweka habari za afya ya mtu kwenye data nyeti. Mgonjwa akisikia jina lake mtaani hatarudi kuchukua dawa, na matibabu ya TB ya kawaida ni miezi sita. Ripoti yataka idadi, haitaki majina.

kikundi_jomvu:
Mimi nasema kama mtu wa kikundi. Fomu yaja kwa Kizungu, eksel yenye kolamu mpaka pembeni huko, naifungua kwa simu herufi ni ndogo sioni, naenda saiba nalipa mwenyewe, kisha mwenyekiti atie sahihi na yeye yuko harusini Lamu, mweka hazina ndo ana risiti. Nikimaliza yote hayo natuma, na sisikii neno. Mwaka mzima hakuna aliyetuambia ile ripoti ilisaidia nini au ilikuwa na kasoro gani. Tuleteeni majibu, hata ukurasa mmoja, mtaa fulani walifika wengi, fulani wachache, tujue tutilie mkazo wapi. Na mkubali tueleze kwa voisi, ofisa wenu aandike, maana mambo tunayajua, kuyaandika ndo kazi.

pwani_data:
Nimewasikia, shukran sana. Voisi nitaanza kupokea, na fomu naibadilisha iwe Kiswahili. Ila wakubwa watataka ushahidi, niwape nini? Na vikundi niwawekee tarehe gani ya mwisho?

mzee_wa_ripoti:
Ushahidi ni risiti, daftari la mahudhurio na zile fomu za rufaa zilizorudi, ukae nazo ofisini kwenye kabati lenye kufuli. Voisi yako iandike, umsomee aliyesema akubali, uweke tarehe. Kanuni ni kwamba ripoti ya robo mwaka yatakiwa ndani ya siku 30 baada ya robo kuisha, na hiyo ni kwa aliyepokea moja kwa moja, kwa hivyo shirika kubwa litakutaka wewe mapema zaidi. Waulize kwanza tarehe yao, kisha vikundi uwape wiki moja kabla yako.

nesi_changamwe:
Na usiingoje karatasi yetu tu. Zungumza na mratibu wa TB wa kaunti ndogo, yeye ndo huingiza wagonjwa kwa TIBU, ule mfumo wa kompyuta wa kuwaandikisha wagonjwa wa TB. Kaa naye kila mwezi mlinganishe idadi, pale zisipofanana muulizane hapohapo kabla hamjaituma popote.