Fundi aligeuza kioo cha kamera yangu, kisha akasingizia upepo wa kusi

Wanajamvi, nimevumilia vya kutosha, na leo ninaandika kwa hasira ambayo sioni sababu ya kuificha.

Kamera yangu ni ile ya mvukuto, yaani mfuko unaokunjika kati ya lenzi na filamu, ya filamu za inchi 4 kwa 5, ambayo picha huonekana nyuma kwenye kioo chenye ukungu upande mmoja kabla ya kuingiza kasha la filamu. Kioo hicho kilipasuka nikiwa safarini kurudi Lamu, na fundi mmoja akaniwekea kipya, chenye unene wa milimita 2. Tangu siku hiyo sikupata picha kali hata moja tundu la lenzi likiwa wazi kabisa.

Nilipomrudia alisema ni kusi inayotikisa mvukuto. Nikapiga ndani ya nyumba, mtaani Mkomani, madirisha yamefungwa, hali ikawa ile ile. Akasema ni macho yangu; nikaenda kupimwa, miwani ikaonekana sawa. Mara ya tatu akanitoza pesa za kusafisha lenzi ambayo haikuwa na kuvu wala vumbi!

Kilichomuumbua ni picha ya mzee mmoja mchongaji, aliyeketi mbele ya mlango wake. Nililenga kope zake kwa kioo cha kukuzia, lenzi ya milimita 150 ikiwa f/5.6, yaani tundu wazi, umbali wa mita 2. Kwenye filamu uso wake umefifia, lakini mawaridi yaliyochongwa mlangoni, shibiri moja nyuma yake, yanahesabika jani kwa jani. Ingekuwa ni kutikisika, kusingekuwa na kitu kikali popote. Fokasi ilikuwepo, ila si mahali nilipoiweka.

Nikafungua skrubu, nikapitisha penseli juu ya kioo: upande ulionielekea mimi ukashika alama, ule wa lenzi ukateleza. Unaoshika penseli ndio upande wenye ukungu, nao sharti uelekee lenzi, kwa sababu ndio unaokaa pale filamu itakapokaa. Kioo cha milimita 2 kikigeuzwa, fokasi inakosea filamu kwa takriban milimita 1.3, kosa ambalo f/22, yaani tundu dogo la lenzi, hulificha, na ndiyo maana picha zangu za majahazi, nilizopiga hivyo, hazikulionyesha.

Kukirudisha kulinichukua dakika kumi. Boksi zima la filamu 25 limekwisha bure, na picha niliyoiahidi familia ya mzee yule sina. Fundi nimemweleza haya yote, naye amenijibu kwamba kamera za zamani ndivyo zilivyo. Ninadai pesa zangu za kusafisha lenzi na gharama ya filamu, na nitaendelea kuzidai hadi nizipate.