Soko la Krismasi Japani lenye muziki wa jukwaani: Yokohama, Tokyo, Sapporo au Fukuoka?

Besi_wa_Okayama
Wakuu, habari za baridi. Mdogo wangu wa kike anakuja kunitembelea kutoka Morogoro. Anatua Kansai tarehe 18 Desemba na atakaa siku tisa tu. Tumekua kwenye kwaya moja, yeye sauti ya kwanza, mimi besi, na tangu nimeondoka hatujaimba pamoja mwaka wa tatu sasa. Maduka na mbuga za michezo hazitaki. Anachotaka ni kusimama kwenye soko la Krismasi asikie watu wakiimba na kupiga vyombo mbele yake. Mimi nimewahi kufika Yokohama peke yake, tena tulikuta jukwaa linafungwa. Pesa iliyopo ni ya safari ndefu moja tu. Nilinganishieni, muziki uwe wa kwanza, taa na vyakula vifuate.

BintiPwani_Yokohama
Karibu kaka. Mimi nakaa huku, na Akarenga, pale soko la Yokohama linapofanyika, napapenda sana, lakini kwa ombi lako sitakudanganya. Yale ni maghala ya forodha ya matofali mekundu, moja la 1911 na jingine la 1913, na soko limekuwa likifanyika hapo tangu 2010. Vibanda vinapangwa katikati ya maghala, mti mkubwa unasimama mbele yako, bahari iko pembeni. Kwa macho sijaona pa kupashinda. Muziki nilioukuta mimi kila nilipokwenda ulikuwa zaidi wa kwenye spika, na wikendi huwezi kusimama mahali pamoja dakika tano bila kusukumwa. Kuna siku na saa za kiingilio pia, kwa hiyo angalia kabla hamjatoka. Mkija, njooni siku ya kazi mfike saa kumi alasiri, maana Desemba jua linazama saa kumi na nusu na taa zinapowaka hapo ndipo penyewe.

Mzee_wa_Hakata
Kijana, umeshajijibu kwa mahali unapokaa. Okayama hadi Hakata, kituo kikuu cha Fukuoka, kwa Nozomi, ile treni ya kasi, ni saa moja na dakika arobaini hivi. Unatoka kituoni, na soko liko hapo hapo mbele ya mlango, bure. Lilianza hapo 2013, siku hizi lipo na Tenjin pia, mwendo wa dakika chache kwa treni ya chini ya ardhi.

Sababu yangu hasa ni jukwaa. Huku muziki wa jioni ndio moyo wa soko lenyewe: leo jazi, kesho gospeli, keshokutwa kijana na gita lake. Jukwaa ni dogo na liko karibu na watu, unamwona mwimbaji anavyovuta pumzi. Mwaka juzi nilikuta kikundi cha kina mama, bila shaka wametoka kazini, maana mmoja alikuwa bado na kitambulisho cha ofisi shingoni chini ya skafu. Waliimba gospeli kwa sauti tatu. Watu wakakaa kimya kabisa, vikombe mkononi, hakuna anayeongea. Wimbo ulipoisha, bibi mmoja mbele yangu akavua glavu zake, akazikunja, akaziweka mfukoni, ndipo akapiga makofi. Glavu zinaua sauti, na yeye alitaka wasikie. Nimeishi huku miaka sita na bado namkumbuka yule bibi.

Mlete dada yako huku.

Sapporo_PhD
Namheshimu Mzee, ila ngoja niitetee Sapporo. Soko letu lipo bustani ya Odori tangu 2002, lilianzishwa kuadhimisha miaka 30 ya undugu wa Sapporo na Munich. Miji yote miwili iliandaa Olimpiki mwaka 1972, huku ya baridi, kule ya kiangazi. Kiingilio hakuna, theluji ni ya kweli, na taa za bustani zinawaka kwa wakati huo huo.

Kwa upande wa muziki, baridi inatawala. Vyombo vya kupuliza vikipoa sauti inashuka. Nilimwona mpiga tarumbeta akiingiza kile kipande cha kupulizia mfukoni kila mwenzake anapopiga peke yake, kisha anapuliza hewa ya joto ndani ya tarumbeta bila kutoa sauti, ndipo anaingia. Na alipoingia, aliingia sawasawa! Lakini msikilizaji naye anaganda. Baada ya nyimbo nne vidole vya miguu sikuvisikia tena. Kwa mtu wa Morogoro aliyetua juzi, pamoja na nauli ya ndege kutoka kwako, mimi ningesema Sapporo ingoje mwaka mwingine.

MamaNeema_Tokyo
Wanangu hamjambo. Tokyo lipo soko kubwa lililoanzia bustani ya Hibiya mwaka 2015, baadaye likahamia Meiji Jingu Gaien, hivyo thibitisheni mahali kila mwaka. Lina mnara wa mbao wa Kijerumani wa mita 14 uliotoka Seiffen, wenye sanamu zinazozunguka, na jukwaa la muziki lipo. Ila mnaingia kwa tiketi, na ratiba nzuri zinakuwa jioni ambapo watu ni wengi. Lile la Roppongi Hills ni bure, limefuata mfano wa Stuttgart, lakini ni dogo, la kupita na kula soseji.

Mwanangu, nikwambie jambo moja kama mtu aliyeimba maisha yake yote. Sokoni mtasikiliza, hamtaimba. Kama mnataka kuimba pamoja, tafuteni misa ya mkesha tarehe 24. Kwetu Tokyo mimi huenda Mtakatifu Ignatius pale Yotsuya, na Okayama hamkosi kanisa. Tarehe 25 Japani ni siku ya kazi kama nyingine, watu wanakwenda ofisini, kwa hiyo mkesha ndio wenyewe.

Na masoko karibu yote yanafungwa tarehe 25. Tarehe 26 asubuhi miti inashushwa, mapambo ya mwaka mpya ya mianzi na misonobari yanapandishwa. Msiiachie safari siku za mwisho.

BintiPwani_Yokohama
Mama kanikumbusha, kuna kitu cha desturi. Kabla ya kurekodi video tazama kibao karibu na jukwaa, vikundi vingine hawaruhusu. Wala usiwape wanamuziki fedha mkononi, huku bakshishi si kawaida. Wakiwa na meza ya CD, nunua, ndiyo heshima yao. Na nunueni kairo, vile vipakiti vya joto, konbini yoyote, yale maduka madogo ya mitaani, vipo. Kimoja kila mfuko.

Sapporo_PhD
Viwili kila mfuko, dada.

Mzee_wa_Hakata
Nyongeza ndogo kwa kuwa mko Okayama. Ng'ambo ya bahari, Tokushima, ilikuwepo kambi ya Bando, na humo wafungwa wa kivita wa Kijerumani walipiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven tarehe 1 Juni 1918, mara ya kwanza kupigwa nzima Japani. Leo Desemba haipiti bila kwaya za nchi hii kuiimba, hata watu wa kawaida wasio waimbaji wa kazi wanafanya mazoezi miezi mingi kwa ajili yake. Mkiikuta inaimbwa karibu nanyi tarehe zile, ingieni.

Besi_wa_Okayama
Shikamoo mama, shikamoo mzee. Nimempigia dada simu nikamsomea yote. Kasema Hakata, usiku mmoja, tarehe 20, halafu mkesha kanisani hapa Okayama. Nimeshakata tiketi za treni. Jambo lililomgusa ni yule bibi wa glavu. Ameniambia nisimnunulie glavu nene.

Mzee_wa_Hakata
Marahaba. Fikeni saa kumi na moja jioni, nitakuwa mbele kulia mwa jukwaa, kofia ya kijani.