Naomba ushauri: risasi za kujaza mwenyewe zinatawanyika juu-chini kwa mita 300

Wakuu, bunduki ni ya risasi saizi .223 Remington, kichwa cha risasi (kipande kinachoruka) cha greni 55, yaani kama gramu 3.6, ya kuwindia kindi wa ardhini kule Wyoming. Kwa mita 100 risasi tano zinakaa ndani ya sm 1.5. Kwa mita 300 upana ni sm 4, kimo sm 8! Upepo ungezitupa pembeni, basi si upepo. Kronografu (kifaa cha kupimia kasi ya risasi) inaonyesha kasi inapishana mita 25 kwa sekunde. Hiyo peke yake ni karibu sm 4 za kushuka. Baruti inapimwa moja moja kwenye mizani, haizidi kiwango cha kitabu cha kujazia risasi. Maganda ya risasi ndiyo mchanganyiko: shingo nyingine (pale ganda linaposhika kichwa) zinabana kichwa, kwenye nyingine kinateleza tu. Nianze kuyatenga kwa uzito, kulainisha shingo kwa moto, au kubadili fataki (kiwashio cha baruti kwenye kitako cha ganda)? Sitaki kugusa mambo mawili kwa mpigo.