Naomba ushauri: mama ameandika matakwa yake, lakini agizo la daktari hakuna

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naombeni ushauri, hasa mliowahi kuuguza mzazi.

Mama ana miaka 78, moyo umechoka na figo nazo zinafuata. Akili yake ni timamu kabisa. Mwaka jana aliandika kwa mkono wake kwamba moyo ukisimama asikandamizwe kifua, wala asiwekwe kwenye mashine ya kupumulia. Dawa za maumivu apewe. Akanichagua mimi nimsemee siku akishindwa kusema. Karatasi ameikunja ndani ya kitabu chake cha sala.

Juzi usiku alizidiwa. Wahudumu wa gari la wagonjwa wakaniambia ile karatasi ni matakwa tu, wao wanafuata agizo lililosainiwa na daktari. Daktari wake nimemwomba mara mbili, anasema bado mapema. Kaka yangu naye ananiambia nataka mama afe. Neno hilo limeniumiza mno.

Nimwambie nini daktari ili akae na mama waandike agizo hilo sasa? Na kaka nimshirikishe vipi, maadamu mama bado anaweza kujisemea mwenyewe?